Feni ya Mwenda Kasi

Bwana mwenye Datsun 240Z ameamua: feni ya mkanda itoke, iingie ya umeme. Ya mkanda, asema, inaila injini nguvu za farasi. Kweli, inakula. Gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. La kwake hushindana na matatu pale Mombasa Road saa kumi na moja jioni.

Na ni foleni hasa inayoiumbua feni ya mkanda. Injini ikiwa sailensa, nayo huzunguka kivivu, na wakati huo ndipo rejeta inapotokota. Ya umeme haijali: gari limesimama, yenyewe inavuma. Hoja nzuri sana, ila si aliyoitoa bwana wetu. Yeye anataka kasi, na ukishafika kilomita 100 kwa saa, upepo wa barabarani huipoza rejeta bila msaada wa feni yoyote.

Halafu huo umeme. Feni kubwa hunywa ampea 20 au 30 kutoka kwa altaneta, nayo altaneta huzungushwa na mkanda wa injini ileile. Farasi walewale, zizi jingine; nafuu ni kwamba hii huzimika isipohitajika.

Yaani ikiwa na swichi ya joto. Fundi, mtu wa adabu, aliuliza: “Bosi, tuweke swichi hiyo na relei yake?” Bosi akataka kitufe chekundu kwenye dashibodi. Injini ikichemka, itasubiri akumbuke kukibonyeza.