Vita Visivyotangazwa

Katiba ya Marekani, kama walivyoiandika wazee wao, iliwakabidhi wajumbe wa Kongresi, wala si Rais, mamlaka ya kutangaza vita. Na wajumbe hao, kwa staha ya kustaajabisha, mara ya mwisho waliyatumia mamlaka hayo mwezi wa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Tangu hapo, kwa mujibu wa daftari, dola ile haijatangaza vita na mtu. Yaliyotukia Korea mwaka 1950 Rais Truman aliridhia yaitwe kazi ya polisi. Na mwaka 2011 serikali ya Rais Obama ilifasiri kwamba mashambulizi ya Libya hayakufikia kadiri ya uhasama, kwa hiyo ile sheria ya 1973, inayompa Rais muhula wa siku 60 wa kupigana bila ya idhini ya Kongresi, haikuyahusu. Sisi watu wa pwani twamjua alaye wali adhuhuri ya Ramadhani akauita daku.

Ajabu ni kwamba zama za kutangaza vita ndizo zilizokuwa na Wizara ya Vita, jina lililoanza 1789. Ilipokwisha kuunganishwa na ile ya majeshi ya bahari, na 1949 ikapewa jina la Ulinzi, vita havikukoma, lilikoma tangazo. Septemba 2025 Rais Trump aliamuru jina la kale lirejee, japo kama lakabu tu, maana jina la kisheria hubadilishwa na Kongresi. Kibao cha mlangoni kwa waziri kilibadilishwa upesi, bila ya kungoja tangazo.