Dakika 150 za Desemba

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, Krismasi na Mwaka Mpya huangukia msimu wa mvua, na magugu hayajui sikukuu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aushughulishe mwili walau dakika 150 kwa wiki. Mkulima wa Kabanga, huko Kasulu, huzimaliza shambani Jumatatu asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Mwenye shida msimu huu ni mgeni kutoka mjini. Hufika na kitambi, raba mpya na saa ya kuhesabu hatua. Alfajiri hukimbia hadi barabara kuu na kurudi, huku watoto wakimfuata na kumuuliza anafukuzwa na nani. Mchana hushusha pilau, nyama na soda. Jioni, pombe ya ndizi. Ugali wa muhogo, maharage na dagaa wa Ziwa Tanganyika, mlo ule ule alioshauriwa na daktari, huwaachia wenyeji.

Dawa imeegemea ukuta wa nyuma ya nyumba, haidai ada wala kocha: jembe. Kasoro yake ni moja tu, halimpendezeshi mtu pichani.