Sifa za Butiloda, Mkorofi Anayeamka wa Kwanza

Usukumani hatuchagui sana cha kusifia. Bayeye wanacheza na chatu shingoni na watu wanawashangilia. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikikutana uwanjani baada ya mavuno, kila upande una manju wake wa kuutukuza na kuukandia ule mwingine mpaka jua linazama. Kama chatu amepata ngoma yake, sioni kwa nini butiloda akose hata kurasa mbili. Nimeamua kumsimamia mimi, na namsimamia hapahapa Kasoli, wilayani Bariadi, ambako jina lake halijulikani ila visa vyake vinajulikana mpaka kwa watoto: simu imegoma kwenye nembo, inazima, inawaka, inagoma tena palepale.

Kwa ambao hawajatambulishwa, butiloda ni programu ndogo inayoamka kabla ya programu nyingine zote ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Inaiandaa mashine, inauita mfumo wenyewe kutoka ulikohifadhiwa, inaukabidhi usukani, kisha inapotea. Ikifanya kazi vizuri hakuna anayejua kwamba ipo. Ikikosea, hakuna kingine kinachoweza kufanya kazi. Hayo ni madaraka ambayo hata mwenyekiti wa kijiji hana.

Nianze na kujinyima kwake. Ndani ya chipu kuna maelekezo yaliyochomwa kiwandani ambayo hayafutiki wala hayabadilishwi, na hayo ndiyo yanayomtafuta butiloda. Kwenye chipu nyingi za Allwinner, zilizojaa katika tableti za bei rahisi na bodi ndogo za kompyuta za wanafunzi, maelekezo hayo yanakwenda kwenye memori kadi, yanaruka kilobaiti 8 za mwanzo, yanatafuta alama eGON.BT0, yanapakia kipande kisichozidi kilobaiti 32, kisha yanahakiki hesabu yake ya ukaguzi. Picha ya harusi uliyotumiwa WhatsApp jana inamzidi mara kadhaa. Ndani ya kijisehemu hicho anatakiwa kupanga umeme, kuweka mapigo ya saa ya chipu, kuziambia pini zipi zifanye kazi gani, na kuiamsha memori kubwa ya nje, ambayo yeye mwenyewe haruhusiwi kuikanyaga mpaka atakapomaliza kuiamsha. Na alama ile ikikosewa herufi moja, au hesabu isipokubali, hupewi barua ya kukataliwa. Chipu inampita kimyakimya na kukaa kusubiri kebo ya USB.

Kimya hicho kinastahili aya yake. Mafundi wa programu za juu wamezoea kuambiwa makosa yao: mstari wa 212, mabano hayajafungwa. Butiloda hana umbea wa namna hiyo. Ili aseme neno lolote inabidi kwanza aandae mlango wa seriali, na ili auandae inabidi saa ya chipu iwe imekaa sawa, na saa ndiyo kitu cha kwanza kukosewa kwenye chipu mpya. Kwa hiyo akikwama kabla ya hapo hana mdomo. Saa ikiwa karibu sawa lakini si sawa, mdomo unafunguka na kutoa viboksi, alama za maswali na herufi ambazo hazimo katika alfabeti ya taifa lolote, kwa sababu kompyuta yako inasikiliza kwa biti 115,200 kwa sekunde na yeye anaongea kwa mwendo anaoujua mwenyewe. Wahandisi waliosoma miaka minne chuoni wanaishia kuwasha kitaa kimoja cha kijani: kikiwaka, tumefika katikati, kisipowaka, tutakihamishia juu kidogo na kujaribu tena. Ni programu gani nyingine inayoweza kumrudisha mhandisi mwenye shahada kwenye ndiyo na hapana?

Halafu kuna memori yenyewe. Nyaya zinazotoka kwenye chipu kwenda kwenye memori hazilingani urefu hata kama zimechorwa kwa uangalifu, na ishara zinafika zikiwa zimepishana kwa muda ambao saa ya mkononi haiwezi hata kuuota. Butiloda anaandika mpangilio fulani wa sifuri na moja, anausoma, anasogeza ucheleweshaji kidogo, anaandika tena, mpaka apate pale ambapo alichoandika ndicho anachosoma. Namba za kuanzia anapewa na mtengenezaji wa chipu, nzima nzima, bila maelezo. Wengine hawatoi hata namba, wanatoa faili lililofungwa ambalo unaambiwa tu uliweke mwanzoni na usiulize. Watu wa kujitolea wa mradi wa linux-sunxi walilazimika kuchungulia programu za Allwinner zenyewe zinavyofanya ndipo wakaweza kuandika za kwao. Ningekuwa mkali ningeita hali hii ubahili. Leo ni siku ya sifa, basi tuiite usiri wa kitaalamu.

Sasa tufike kwenye kuhama, maana hapo ndipo tabia yake inapong'aa. Msukuma anaswaga ng'ombe wake kutoka Bariadi mpaka Katavi, mpaka Morogoro, na baada ya msimu mmoja ameshajua visima vyote. Butiloda ukimhamisha kutoka chipu hii kwenda ile ya mwaka unaofuata, ya kampuni ileile, yenye jina lililoongezewa herufi moja tu, anakataa katakata. Anwani zimehama. Pini iliyokuwa ya seriali sasa ni ya kamera. Saa inaanzia mahali pengine. Uaminifu wa jinsi hii kwa kipande cha silikoni sijauona hata kwenye ndoa.

Ukidhani hayo ni mambo ya maabara za Shenzhen, kaa nusu saa kwenye meza ya fundi simu msimu wa pamba, kuanzia Mei ununuzi unapofunguliwa na watu wanasubiri ujumbe wa fedha. Mezani kuna bloa ya hewa moto, mswaki wa zamani, kichupa cha thina, na kompyuta mpakato ambayo herufi A na N zimefutika kwenye kibodi. Fundi anatoa betri, anairudisha, anashikilia kitufe cha kupunguza sauti, anachomeka kebo. Kompyuta inalia, jina la mlango linatokea kwenye skrini, linakaa sekunde mbili tatu, linapotea, kompyuta inalia tena kwa huzuni. Katika dirisha hilo dogo ndipo maelekezo yale ya kiwandani yanaposikiliza. Fundi akichelewa kulidaka anaanza upya, betri nje, betri ndani.

"Fundi, imepona?"

"Bado, mayu. Inapumua, ila haiongei."

"Mbona ya jirani uliitengeneza jana tu, na ni simu hiihii?"

Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ameuliza swali ambalo limewatoa jasho watu wengi. Nje ni simu hiihii: jina moja, kava moja, bei moja. Ndani, kiwanda kilinunua memori ya kampuni moja mwezi huu na ya kampuni nyingine mwezi uliofuata. Kwenye simu za chipu za MediaTek, butiloda wa kwanza kabisa, ambaye mafundi wanamwita priloda, anabeba orodha ya memori anazozifahamu pamoja na mipangilio ya kila moja. Memori isiyokuwamo kwenye orodha haitambui, hata ukimbembeleza. Fundi akichukua faili la simu ya jirani na kulimwaga kwenye simu ya mayu, simu iliyokuwa inagoma kwenye nembo inaacha kuonyesha hata nembo. Mafundi husema imekufa buti. Memori ikibadilishwa kwa bloa na kuwekwa ya kampuni nyingine, hadithi ni hiyohiyo. Kwa maneno mengine, fundi wa Kasoli anafanya kazi ileile ya kumhamisha butiloda, bila datashiti ya chipu, bila mlango wa seriali, na mteja amekaa kwenye benchi anaangalia mikono yake.

Ipo pia fadhila yake ya kumrudisha mja katika hali ya kuzaliwa. Fundi mwenye haraka anapochagua kufuta kila kitu kabla ya kuflashi, priloda hamuulizi kama ana uhakika. Anaipisha programu ya kufuta inayotumwa na kompyuta, nayo inafuta kila kitu, pamoja na eneo linalotunza vipimo vya redio na namba ya IMEI. Simu inawaka vizuri, inang'aa, inasalimia, na ukibonyeza *#06# inakwambia haina namba, au inakupa namba batili. Zamani hilo lilikuwa jambo dogo. Tangu Juni 2016, TCRA ilipozima simu zenye IMEI bandia, kuwa na simu isiyo na utambulisho ni kuwa na tochi yenye kioo kizuri. Butiloda ametekeleza alichoagizwa, neno kwa neno. Watumishi wangapi wa umma unaweza kuwasema hivyo?

Na asiachwe wa kwenye king'amuzi, maana huyo angalau ana adabu ya kujitaja. Mechi ya Taifa Stars inaanza, herufi nne zinatokea mbele ya kisanduku, boot, na zinakaa. Dakika inapita. Kama umeme ulikatika katikati ya sasisho, zitakaa hapo mpaka kipyenga cha mwisho, na familia nzima itakuwa imepata nafasi ya kuzungumza.

Wapo watu ambao wamejitahidi kumstaarabisha, na haki yao wapewe. Mjerumani Wolfgang Denk alianza na programu ya prosesa za PowerPC iliyoitwa PPCBoot, na mwaka 2002 ikageuka U-Boot, inayokubali prosesa za aina nyingi na ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuibadilisha bure. Aliiongoza mpaka 2012 akamkabidhi Tom Rini. Mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo wa Linux, alilalamika kwa lugha isiyoandikika hapa kwamba upande wa prosesa za ARM ndani ya Linux umejaa lundo la faili za kila bodi, na matokeo yake ni kwamba maelezo ya vifaa yakahamishiwa kwenye faili la pembeni, linaloitwa mti wa vifaa, ambalo butiloda ndiye anayelikabidhi kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo. Tangu hapo, sehemu kubwa ya kuhamia bodi mpya imekuwa kuandika mti huo badala ya kuandika programu. Sehemu iliyobaki ni ileile: saa, pini, memori, na kile kitaa cha kijani.

Siku anapokubali, mambo ni ya haraka. Mistari inatiririka kwenye skrini: jina lake, toleo lake, kiasi cha memori alichokiona, kisha kuhesabu sekunde, tatu, mbili, moja, akikupa nafasi ya kumzuia. Mhandisi anapiga picha ya skrini kama mtu aliyepata mtoto. Wiki inayofuata msimamizi wa bidhaa anasema simu inachelewa kuwaka, hesabu ya sekunde inawekwa sifuri, mlango wa seriali unafungwa ili wezi wasiuone, na nembo ya kampuni inafunika kila kitu. Butiloda halalamiki. Na kiwandani wameshatangaza chipu ya mwaka ujao, datashiti yake ina kurasa mia kadhaa, na sura ya memori imeandikwa kwamba itatolewa baadaye.