Fundi wa Rangi Angoje

Kabati la jikoni likilowa maji pale Ruiru, anayepigiwa simu kwanza ni fundi wa rangi. Anakuja na brashi, msasa na mkebe wa rangi nyeupe, na kufikia jioni jikoni kunang'aa hadi keateka anapiga picha za kuwatumia wapangaji wapya. Rangi ikianza kuchubuka, analetwa seremala abadilishe mlango. Mlango mpya nao unavimba. Pesa zikishakwisha na watu wakishanuniana, ndipo anapoitwa fundi wa mabomba. Anaingiza mkono chini ya sinki, anakaza nati moja, anauliza kama kuna chai. Hoja yangu ni kwamba foleni hii imepangwa kinyumenyume. Bomba litangulie, hewa ifuate, kisha mbao; rangi ije mwisho, kama bado kuna aliye na nguvu za kupaka.

Mafuriko ya kweli yapo, na mvua za masika za 2024 ziliingiza mito katika nyumba za watu sehemu nyingi za Kenya. Lakini makabati mengi ya Thika na Ruiru hayauawi na mto, yanauawa na mfereji uliosahauliwa wazi. Bwawa la Ndakaini, ambalo kwenye karatasi huitwa Bwawa la Thika, lilikamilika 1994 na lina uwezo wa takriban mita za ujazo milioni 70, ila maji yake huelekea Nairobi. Bwawa la Ruiru nalo lilijengwa kwa ajili ya Nairobi. Wenye majina wakaachiwa mgao. Basi mtu anafungua mfereji asubuhi, unakohoa hewa, anakwenda zake kazini. Maji yanarudi saa nane usiku na kukuta sufuria ya ugali imelowekwa juu ya tundu la sinki. Yakikosa pa kupita, yanafurika juu ya kaunta, yanateleza nyuma yake na kulala kabatini, palipo na unga na sabuni.

Kilichomo humo ndani ni MDF, yaani nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kugandamizwa kwa joto. Maji yakiziingia, nyuzi zinaachiana, na bodi inavimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Hata ikauke mwezi mzima, unene ule hauondoki. Mbao halisi, iwe mhogani au saiprasi, hunywa maji na kuyatoa, na mara nyingi hurejea karibu na umbo lake. Kwa hiyo kabla ya kuita yeyote, piga magoti, pitisha ukucha kwenye ukingo wa chini wa kabati. Ukizama, kipande hicho kimekwisha, kikatwe. Ukigonga pagumu, kabati hilo bado lina maisha, hata kama rangi yake inatisha. Pitisha kidole pia, kwa upande wa chini, kwenye ukingo wa nafasi iliyokatwa kuingiza sinki. Hapo bodi imekatwa na kuachwa uchi bila rangi wala silikoni, kwa sababu fundi alijiuliza nani ataangalia huko. Anayeangalia huko ni maji.

Mwenye nyumba atasema hana muda wa kukausha, mpangaji anaingia tarehe moja. Namwelewa, nyumba tupu hailipi mkopo. Ila kupaka rangi juu ya bodi mbichi ni kuyafungia maji ndani, na mpangaji huyo atakupigia simu kabla hajamaliza kufungua maboksi. Kukausha kwenyewe hakuna gharama kubwa: toa droo, ng'oa milango, ondoa ule ubao wa chini unaoficha miguu ya kabati, kisha acha hewa ipite. Januari kazi hiyo ni ya siku chache. Julai, Thika ikiwa imejifunika ukungu na jua limekwenda likizo, azima feni na uongeze subira.

Wengine watasema dawa ni kung'oa vyote na kuweka graniti. Graniti haivimbi, ni kweli. Lakini ukiiinua utakuta mara nyingi imelazwa juu ya bodi ileile tuliyokuwa tukiilalamikia, na sasa bodi iliyooza imebebeshwa jiwe. Anayetaka jiwe na aanze kwa kumwaga zege chini yake. Na wale wanaotumaini Bwawa la Karimenu II, lililozinduliwa 2022 kule Gatundu Kaskazini kuhudumia Ruiru na Juja pia, watasema mgao ukiisha balaa litaisha. Sina hakika. Bomba lililozoea kukaa kavu nusu ya wiki, siku litakapojaa kila saa, kila kiungo kilichofungwa kwa uzi na maombi kitaanza kujieleza.

Pingamizi lenye uzito hasa ni jingine, na halihusu mbao wala maji. Fundi wa rangi hushika simu mlio wa kwanza. Fundi wa mabomba yuko hapa tu Juja, dakika tano atakuwa amefika, na amekuwa hapo Juja tangu saa mbili asubuhi.