Sifa za Klorini Iliyomwagwa kwa Jicho

Mvua za Shengena na mito ya Upare zimesifiwa vya kutosha. Anayedhulumiwa ni klorini, tena si ile ya kiasi, bali ile inayomiminwa kwenye bwawa la kuogelea la faiba kwa kukadiria. Leo naisimamia.

Kwanza, haina choyo. Bwawa la lita 50,000 huhitaji robo kilo hivi ya unga wa asilimia 65 ili lifike miligramu 3 kwa lita, na hapo mwani hauwezi kufurukuta. Lakini jua la saa saba likiwaka Same mjini, nani ahangaike na mizani? Kopo zima linaingia.

Pili, ni fundi rangi asiyedai ujira. Juu ya faiba kuna ngozi nyororo iitwayo jelikoti, isiyofika hata milimita moja. Klorini ikizidi siku nenda siku rudi, huila ngozi hiyo hadi buluu inapauka. Pitisha kiganja ukutani, kinatoka na unga mweupe. Kidonge cha klorini kikilala sakafuni, kwa asidi yake, huacha doa la duara: muhuri rasmi. Hata ngazi ya chuma cha pua hupata vidoa vya kutu.

Tatu, inapenda haki. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Klorini iliyozidi ni Mpare mwenzetu: mwani umeshtakiwa, bwawa la mamilioni limekwenda, kesi tumeshinda.

Wabishi watasema mababu walichimba ndiva, yaani mabwawa ya kumwagilia, milimani, zikajaa maji usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani, bila kopo wala kidonge. Sawa, ila ndiva ina vyura, na chura hajawahi kulipa kiingilio.

Wengine watashauri klorini ikizidi umwage nusu ya maji, ujaze mapya. Hayo waseme kwingine. Same tuliyasubiri maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu miaka na miaka, hadi mradi ukazinduliwa Machi 2025; nani atayamwaga mchana kweupe? Wajuzi nao wananong'ona kwamba ukifunga kopo tu, jua letu litaivunja klorini ya unga kwa saa chache, bure. Ushauri wa hatari huo! Watu wakianza kupima kabla ya kumwaga, muuza dawa na fundi faiba watakula wapi?