Chawa Ndani ya Kivumishi

Kamusi ndogo hulifasiri neno la Kiingereza lousy, linalotamkwa lauzi, kwa maneno mawili: baya, duni. Mwanafunzi hulikariri, akafaulu mtihani, asijue kwamba ameishia mlangoni. Ndani ya neno hilo mna mdudu. Louse ni chawa, na lauzi kwa maana yake ya asili ni mwenye chawa. Kwa hiyo Mwingereza anayelalamika leo kwamba hali ya hewa ni lauzi anadai, bila hata kujikuna, kwamba mawingu yana chawa.

Taaluma ya Uchawa Linganishi, ambayo mpaka sasa ina mtafiti mmoja na kibaraza kimoja, inayagawa matumizi ya kivumishi hiki katika makundi manne au matano. Idadi kamili hutegemea nani amelipia kahawa.

Kundi mama ni la chawa wenyewe. Binadamu amejaliwa aina tatu: wa kichwani, wa kinena na wa mwilini. Huyu wa tatu ndiye aliyelipa neno letu ukali wake, na jina lake lina uongo kidogo, maana makazi yake si mwili bali nguo. Hujificha kwenye mishono, hutaga humo humo, na hushuka kwenye ngozi saa ya kula tu. Mwenye nguo ya kubadilisha na maji ya moto humshinda bila vita. Kwa hiyo chawa wa mwilini ni kipimo bora cha hali mbaya kuliko ripoti nyingi nilizowahi kusoma: penye gereza lililofurika, handaki la vita au kambi ya wakimbizi, yupo. Mwaka 1909, mjini Tunis, daktari Mfaransa Charles Nicolle alithibitisha kwamba ndiye anayeeneza taifasi, homa ambayo haina udugu na taifodi. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa waliambukiza wenzao mpaka mlangoni mwa hospitali, lakini wakishavuliwa nguo na kuogeshwa hawaambukizi tena. Mwaka 1928 akapewa Tuzo ya Nobel. Wakati huo askari wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wameshapitisha miali ya mishumaa kwenye mishono ya mashati yao, usiku baada ya usiku, wakisikiliza mayai yakipasuka.

Na mzaha upumzike kidogo, kwa sababu mambo haya si ya Ulaya peke yake. Katika miaka ya 1990, wakati wa vita vya Burundi, taifasi ililipuka kwenye kambi za watu waliofukuzwa makwao, ikawapata maelfu. Warundi waliita ugonjwa huo sutama, neno lililo ndugu wa chutama yetu. Sijaona kamusi ya tiba iliyoeleza maumivu kwa ufupi kuliko hivyo.

Kundi la pili ni la matusi, nalo ni la zamani. Geoffrey Chaucer, katika karne ya 14, alikwisha kulitumia neno hili kumdharau mtu ambaye hakuna ushahidi kwamba nywele zake zilikaguliwa. Shakespeare naye, mwanzoni mwa tamthilia yake ya wake wachangamfu wa Windsor, anamtania mtu anayejivunia samaki waliochorwa kwenye nembo ya ukoo wake: kasisi mwenye lafudhi ya Wales anawatamka samaki hao wakageuka chawa. Mtu akisoma hapo bila kujua chawa yuko wapi, anabaki kuwaangalia wenzake wanaocheka.

La tatu ni kundi la hali, na ndilo linalotumika zaidi leo: chakula, mshahara, hoteli, kipa, ndoa. Riwaya ya J. D. Salinger ya mwaka 1951, ile ya kijana aliyefukuzwa shule, imeliweka neno hili katika sentensi yake ya kwanza kabisa, likiwa sifa ya utoto wa msimulizi. Hapa mdudu amekufa, limebaki ganda. Sisi tungesema ya hovyo, tukaendelea na safari.

Lipo pia kundi la udogo. Mmarekani akisema amelipwa dola kumi lauzi, noti hazina wadudu, zinadharauliwa tu. Kiswahili hakihitaji kivumishi kwa kazi hiyo, kina kiambishi cha viji-, chenye nguvu ya kutisha: mwaka 2008 waziri mmoja wa Tanzania aliweza kuziita zaidi ya dola milioni moja vijisenti.

Kundi la mwisho linatibua yote yaliyotangulia. Kiingereza husema mahali pana lauzi ya watalii, au fulani ana lauzi ya fedha, yaani tele, wanatambaa kila mshono. Neno lile lile la ufukara likawa la utajiri.

Nilidhani huo ni upungufu wa Kiingereza, mpaka nilipogeukia nyumbani. Mswahili wa leo, hasa wa Tanzania, amemtoa chawa kwenye shati akampeleka kwenye msafara wa mheshimiwa. Chawa ni yule anayesifu kabla hotuba haijaanza, anayembebea bosi simu, anayejibu matusi mtandaoni kwa niaba ya mtu ambaye hajamtuma. Kazi yenyewe inaitwa uchawa, na wapo wanaoitangaza bila haya. Angalieni tofauti: Mwingereza alimlaumu mwenye chawa, sisi tunamlaumu chawa. Wa nguo hukimbia sabuni na utajiri. Huyu wetu huufuata utajiri kwa harufu. Bosi mwenye machawa kumi na wawili, kwa Kiingereza cha Chaucer, ni lauzi mtupu, naye anaringa.

Kimoja tu hakijabadilika. Chawa wa nguo humhama mtu homa ikimzidi au mwili ukipoa, akatafuta mshono mwingine wenye joto la wastani. Uteuzi ukitenguliwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, saa tatu picha za pamoja zimeshafutwa.