Heko, Chenga ya Chuma

Simba wa Mikumi wana watu wa kuwasifu, tena watu wanaolipa kiingilio. Mahandaki ya reli mpya yaliyotoboa milima ya Kilosa yamekwisha kupigiwa makofi. Lakini chenga ya chuma inayoonekana kwenye beseni mtu anapomwaga oili ya pikipiki uani kwake huambulia matusi, na safari nyingine machozi. Naomba nafasi niisemee.

Nianze na adabu yake. Vifaa vingi vya injini vikichoka havina staha. Konrodi ikikatika inaweza kutoboa ukuta wa injini mbele ya kadamnasi na kumwaga siri zote barabarani. Chenga haina makuu hayo. Hujilaza chini ya oili, ikamngoja mwenye chombo amalize chai yake ya Jumapili, aazime spana kwa jirani, akwapue beseni la mkewe jikoni, alegeze nati. Oili inatangulia, nyeusi na ya moto. Ndipo chenga nayo inadondoka, ti!, na kumweleza faraghani jambo ambalo ingeweza kumweleza popote pale.

Popote pale, kwa mtu wa huku, si maneno ya kuchezea. Barabara kuu iendayo Zambia inaikata Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilomita kama 50. Injini ikinoki katikati ya kipande hicho saa mbili usiku, malori ya Tunduma yanakupita bila hata honi, utabaki kujadiliana na nyati, na nyati hana spea. Chenga ilikuwa na uwezo wa kungoja mpaka huko. Ikaamua kuja nyumbani, mchana, chini ya mwembe.

Kisha elimu yake. Sizungumzii ule unga mwembamba unaometa kwenye oili ya kwanza ya injini mpya. Hivyo ni vyuma vinazoeana tu. Nazungumzia kipande chenye kona, cha kushikwa kwa vidole viwili. Kilete karibu na sumaku. Kikiirukia, ni chuma: huenda jino la gia, huenda ringi. Kikiipuuza huku kimetakata kama fedha, hiyo ni aluminiamu, na pistoni nyingi ndivyo zilivyo. Chenye rangi ya shaba kimetoka kwenye bushi. Cheusi, chepesi, cha plastiki, kimemeguka pale cheni ya taimingi inapoegemea. Mtu aliyekimbia somo la kemia shuleni anajikuta amechuchumaa uani akizitenga metali.

Wakubwa wa dunia waliligundua hili zamani. Miaka ya 1940 kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande Western, huko Marekani, ilianza kupima metali zilizomo kwenye oili chafu ya vichwa vya treni vya dizeli, ili ijue kinacholika ndani kabla hakijakatika. Helikopta nyingi zina sumaku kwenye njia ya oili: chenga ikinasa, taa inawaka mbele ya rubani, naye anaanza kutafuta pa kutua. Kilosa tumezoea treni tangu enzi za Wajerumani, lakini maabara ya namna hiyo hatuna. Tuna sumaku ya spika mbovu ya redio. Inatosha.

Kipaji chake kikuu, hata hivyo, ni kusema kweli. Aliyekuuzia pikipiki alikula yamini kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Chenga inatoka ikiwa na shahidi wake, tone la gundi nyekundu ya kuzibia gasketi, ambayo kiwanda hakikuipaka. Mkaguzi gani wa hesabu amewahi kufanya kazi safi hivyo, bila posho, bila kamati ya kumjadili? Majirani watajaribu kuitetea injini. Mmoja atasema inajisafisha. Mwingine, aliyewahi kufanya kazi gereji mwezi mmoja, atashauri ufunge nati, umimine oili nzito, uiuze kabla ya Ijumaa. Chenga haibishani nao. Imelala kwenye kiganja, na ncha yake mpya iliyokatika inameta.

Wanaoipenda kweli ni mafundi. Fundi akiiona hufuta mikono taratibu, akaigeuza juani, akaita, "Mzee, sogea uone." Sauti yake imejaa huruma, na huruma hiyo ina ada ya shule ya watoto ndani yake. Oili chafu haitupwi. Itapakwa kwenye nguzo za banda kuzuia mchwa. Chenga yenyewe inapanda cheo na kuwa sampuli. Inafungwa kwenye kipande cha gazeti, inakabidhiwa kwa kondakta, inalipiwa nauli ya kifurushi, inaondoka kwa basi kwenda Morogoro mjini, na kule ikikosa ndugu yake inaendelea hadi Kariakoo. Mwenyewe amebaki Kilosa anatembea kwa miguu. Jioni simu inalia: muuza spea ameitazama, ameipenda, anazo za aina mbili, ya bei na ya kawaida, ila anauliza kile kipande kingine kilichobaki ndani ya injini kina urefu gani.